Wapiga Picha Mbele ya Picha za Wenzao

Desturi ya wapiga picha kukaa pamoja na kuzichambua picha za wenzao ilianza mara tu kamera ilipotoka mikononi mwa wavumbuzi. Ufundi wa Louis Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Mwaka 1851 mji huohuo ukapata chama cha wapiga picha, na mwaka 1853 London ikafuata na Photographic Society, rais wake akiwa mchoraji Sir Charles Eastlake na katibu wake Roger Fenton. Chama hicho cha London ndicho kilichopewa hadhi ya kifalme mwaka 1894 na kujulikana hadi leo kama Royal Photographic Society. Katika mikutano ya siku hizo wanachama walisomeana makala za kemia, kisha picha zikawekwa mezani na mwenye neno akalisema. Maneno hayo yalihusu zaidi usafi wa kazi: kioo kimepata madoa, karatasi imegeuka manjano, mwanga umeingia kupita kiasi. Aliyeleta picha ya mto alisikia mengi kuhusu dawa zake na machache kuhusu mto.

Mzozo wa kwanza wenye uzito juu ya picha za maumbile, yaani mandhari, mimea, ndege na wanyama pori, ulihusu anga. Dawa ya kolodioni iliyopakwa kwenye vioo vya wakati huo iliona buluu kupita kiasi na kijani kwa shida. Anga likatoka jeupe tupu, majani yakatoka meusi. Gustave Le Gray wa Ufaransa, aliyesifika kwa picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, aliikwepa shida hiyo katika baadhi ya kazi zake kwa kutumia negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya mawingu, akazichapa kwenye karatasi moja. Wengine walimwiga bila kuwa na mkono wake. Wahakiki wakaanza kuuliza inakuwaje mawingu yaangaziwe kutoka kushoto ilhali vivuli vya miti navyo vinalala kuelekea kushoto. Kwa hiyo mambo mawili yaliyotawala uhakiki wa picha za maumbile tangu hapo, ukweli na rangi, yalikuwamo tangu siku ambazo picha zenyewe hazikuwa na rangi.

Katika kizazi kilichofuata, mwalimu aliyesikilizwa zaidi Uingereza alikuwa Henry Peach Robinson. Kitabu chake Pictorial Effect in Photography cha mwaka 1869 kiliwapa wapiga picha kanuni zilizotoka kwa wachoraji: mizani ya pande mbili, mistari inayoongoza jicho, mahali pa kuweka sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote. Kanuni ya kuigawa picha katika theluthi, ambayo hadi leo haikosi kutajwa katika klabu yoyote ya picha, ni kongwe kuliko kamera. Mchoraji John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797. Kanuni hizi zilifanya kazi kubwa. Mtu ambaye hakusomea uchoraji alipata namna ya kueleza kwa nini picha fulani inamchosha. Lakini jaji mwenye kanuni mkononi anaweza pia kutoa hukumu kabla hajaitazama picha, na kasoro hiyo ilikaa muda mrefu.

Aliyesimama kumpinga Robinson alikuwa Peter Henry Emerson, daktari aliyeuacha udaktari ili apige picha mabwawa na matete ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1889, Naturalistic Photography, alidai kwamba jicho la binadamu hukiona kitu kimoja kwa ukali na kuviacha vilivyo kando vififie, hivyo picha iliyo kali pembe zote inakwenda kinyume na maumbile. Ugomvi ulikuwa mkali, na Emerson hakuwa mtu wa maneno laini. Lakini mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Driffield walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba weusi na weupe wa negativu hufuata sheria za kihesabu ambazo fundi hawezi kuzipinda apendavyo. Emerson, aliyekuwa ameamini kwamba msanii anaweza kuitawala kila toni anapoisafisha picha, akatoa kijitabu chenye ukingo mweusi wa matanga kutangaza kwamba nadharia yake imekufa. Katika historia nzima ya uhakiki wa picha ni vigumu kupata mfano mwingine wa mtu aliyejihukumu waziwazi kiasi hicho.

Emerson alikuwa jaji pia. Mwaka 1887 gazeti la Amateur Photographer la London lilimkabidhi shindano la picha za likizo, naye akampa zawadi kijana wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Berlin, Alfred Stieglitz. Zawadi ilikuwa nishani ya fedha na ginia mbili. Thamani yake halisi ilionekana baadaye, kwa kuwa kutoka kwa Emerson hadi kwa Stieglitz, na kutoka kwa Stieglitz hadi kwa Ansel Adams, Eliot Porter na Minor White, kuna silsila moja ya watu waliotazamiana kazi. Sehemu kubwa ya picha za maumbile na za kidhahania zinazopigwa leo imepita katika mikono hiyo.

Stieglitz aliporudi New York alikuta vyama vya wapiga picha wa ridhaa vinavyothamini ukali wa picha kuliko kitu kingine chochote. Tarehe 22 Februari 1893, dhoruba ya theluji ikiendelea, alisimama Fifth Avenue kwa muda wa saa tatu na kamera ndogo ya mkononi, akisubiri gari la farasi lifike mahali alipopataka. Alisimulia baadaye kwamba alipowaonyesha wenzake wa chama negativu ile ikiwa bado mbichi, walimshauri aitupe. Haikuwa kali, imejaa ukungu. Hakuitupa. Alichukua sehemu tu ya negativu, akaichapa na kuwaletea, na watu walewale wakaishangilia. Wenzake hawakuwa wajinga. Walikuwa wameitazama theluji inayoanguka kwa kipimo cha picha ya jengo lililosimama, na kipimo hicho hakikuwa na nafasi ya hewa, baridi wala mwendo. Ilibidi picha ichapwe na kukatwa ndipo kipimo chenyewe kionekane kuwa na upungufu.

Mwaka 1896 vyama viwili vya mji huo viliungana kuwa Camera Club of New York, na mwaka uliofuata Stieglitz akaanza kuhariri jarida la chama, Camera Notes. Baadaye, kuanzia 1903 hadi 1917, alitoa matoleo 50 ya Camera Work. Majarida hayo yaliufanya uhakiki kuwa kazi ya kuandikwa kwa uangalifu. Sadakichi Hartmann, mhakiki aliyezaliwa Japani na mama Mjapani na baba Mjerumani, aliandika mwaka 1904 makala ya kuwataka wapiga picha waache kuzikwaruza na kuzipaka brashi picha zao na waiamini kamera. Alikuwa akiwasema marafiki wa Stieglitz. Hartmann anastahili kukumbukwa zaidi kuliko anavyokumbukwa, maana alizikosoa picha za watu aliowafahamu.

Wakati huohuo picha za wanyama pori zilikuwa zikitafuta namna yao ya kuaminiwa. Ndugu Richard na Cherry Kearton wa Uingereza walitoa mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege chenye picha zilizopigwa porini, na baadaye wakajificha ndani ya ng'ombe wa bandia aliyetengenezwa kwa ngozi ili wawasogelee ndege. Katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, Carl Georg Schillings alipiga picha za simba, fisi na pundamilia usiku kwa unga wa magnesi, katika nyika za Wamasai ambazo leo ziko kaskazini mwa Tanzania. Kitabu chake cha mwaka 1905, Mit Blitzlicht und Büchse, kilitangaza kwenye ukurasa wa jina kwamba picha zake 302 zimechapwa kwa uaminifu wa hati. Tangazo hilo lenyewe linaonyesha mashaka ya wasomaji wa siku hizo. Schillings aliwafunga punda na ng'ombe wawe chambo ili simba waje mbele ya kamera. Wakati wake jambo hilo lilihesabiwa kuwa ujasiri. Jaji wa shindano la leo angeliweka mbele ya mambo yote mengine.

Rangi ilifika madukani mwaka 1907, ndugu Lumière wa Lyon walipoanza kuuza vioo vya Autochrome. Kioo kilipakwa chembe ndogo mno za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu, nyekundu ya machungwa, kijani na zambarau, na juu yake dawa ya picha. Mwanga ulipita kwenye chembe hizo wakati wa kupiga, na tena wakati wa kutazama. Stieglitz na Edward Steichen waliipokea kwa furaha kubwa, na Camera Work ya Aprili 1908 ikachapisha picha za rangi za Steichen. Miaka michache baadaye shauku ilikuwa imepoa. Kioo cha Autochrome kilikuwa kimoja tu, hakikuchapika kwa urahisi kwenye karatasi, kilitazamwa kikiwa kimeinuliwa kwenye mwanga, na fundi hakuweza kurekebisha chochote baada ya kupiga. Lakini sababu ya ndani zaidi ilikuwa ukosefu wa vipimo. Kwa picha ya kijivu wahakiki walikuwa na miaka sitini ya mazoezi: walijua kusema kwamba kivuli kimezibwa, kwamba weupe umeungua, kwamba toni za kati zimebanana. Mbele ya bustani ya rangi walibaki kusema inapendeza au rangi zimezidi. Umaskini huo ulidumu kwa karibu nusu karne, na ndio unaoeleza kwa nini picha za rangi zilidharauliwa muda mrefu na watu wenye macho mazuri kabisa.

Picha ya kidhahania nayo ilizaliwa katika miaka hiyo. Mwaka 1916 Paul Strand alipiga bakuli na vivuli vya kibaraza kwa karibu mno hata vikabaki mistari na maumbo, na Alvin Langdon Coburn huko London alitumia vioo vilivyounganishwa mbele ya lenzi kuvunjavunja taswira. Lakini mkondo uliokuja kuungana na picha za maumbile ulitoka kwa Stieglitz, na ulitoka katika lawama. Mwandishi Waldo Frank alikuwa ameandika kwamba nguvu ya picha za Stieglitz inatokana na uwezo wake wa kuwatia watu aina ya mazingaombwe anapowapiga. Stieglitz alichomwa na maneno hayo. Mwaka 1922, akiwa Lake George, aliielekeza kamera juu, kwenye mawingu, ambayo hayana mtu wa kushawishi, hayalipiwi kodi na yapo juu ya kila mtu. Mwaka 1923 alieleza sababu hizo katika makala aliyoichapisha katika gazeti lilelile la London lililompa zawadi ujanani. Picha za mawingu alizozipiga kwa takriban miaka kumi iliyofuata, nyingi zikiwa hazina upeo wa macho wala mti wa kuonyesha juu na chini, alikuja kuziita Equivalents, akimaanisha kwamba umbo la wingu linaweza kulingana na hali ya moyo. Ni mara chache neno la mhakiki limezaa kazi kubwa hivyo, hata kama neno lenyewe halikuwa la haki.

Upande wa magharibi wa Marekani, mwaka 1932, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham, Willard Van Dyke na wenzao walionyesha kazi zao katika jumba la de Young, San Francisco, wakijiita Group f/64, jina la tundu dogo la lenzi linalofanya kila kitu kiwe kikali. Walikuwa wakipinga picha laini za ukungu zilizotawala mashindano ya vilabu. Adams alibishana kwa miaka kadhaa na William Mortensen, mtetezi wa picha za namna hiyo, katika jarida la Camera Craft, na ubishi wao haukuwa na adabu nyingi. Kilichodumu ni kipimo walichokiacha: jiwe lionekane jiwe, gome lionekane gome, na mtazamaji aweze kuutembeza mkono kwa macho juu ya uso wa kitu.

Kisa kinachoonyesha vizuri kuliko vyote faida ya jicho la mwenzako ni cha Eliot Porter. Alizaliwa mwaka 1901 karibu na Chicago, akasomea uhandisi na udaktari Harvard, akabaki huko akifanya utafiti wa kibiolojia. Alipiga picha za ndege na mandhari kwa kamera ndogo, kama wapenzi wengi wa picha. Katikati ya miaka ya 1930 alikutana na Adams, akaziona picha zake na kutahayari kwa alizoleta yeye. Adams hakumkatisha tamaa. Alimshauri atumie kamera kubwa ya filamu za vipande, inayomlazimisha mtu kusimama na kufikiri. Kupitia mdogo wake, mchoraji Fairfield Porter, alipata pia kumpelekea Stieglitz kazi zake. Alikwenda, akatazamiwa, akaambiwa bado, akarudi kazini. Miaka ikapita hivyo. Stieglitz hakumpa kanuni wala kumchorea mistari juu ya picha. Alimwambia tu kwamba kazi haijafika, aendelee. Kisha mwaka 1938 akazitazama picha alizoletewa na kuamua kuzionyesha katika ukumbi wake wa An American Place. Baada ya maonyesho hayo Porter aliiacha Harvard, akawa mpiga picha.

Rangi ilimfikia kwa njia ya kawaida kabisa. Aliwapelekea wachapishaji wa Houghton Mifflin picha zake za ndege, wakamjibu kwamba ndege wa kijivu hawatambuliki. Filamu ya Kodachrome, kazi ya Leopold Mannes na Leopold Godowsky, wanamuziki wawili walioingia kemia, ilikuwa imetoka mwaka 1935 kwa sinema na 1936 kwa kamera za picha mnato. Porter akaichukua, na mwaka 1943 jumba la Museum of Modern Art, New York, likaonyesha ndege wake wa rangi. Lakini alipoigeuzia filamu hiyo mawe, majani na maji, wengi wa kizazi chake walimwona amepotea. Adams mwenyewe aliamini kwamba hisia ya rangi hupatikana vizuri zaidi katika picha nzuri ya kijivu.

Porter alichapa picha zake mwenyewe kwa njia ya kuhamisha rangi. Kutoka filamu moja alitoa negativu tatu, kila moja ikibeba sehemu yake ya mwanga, na kutoka hizo tatu akatengeneza mihuri mitatu ya jelatini iliyolowekwa katika rangi ya samawati, magenta na manjano na kugandamizwa mmoja baada ya mwingine kwenye karatasi. Kila rangi iliweza kuongezwa au kupunguzwa peke yake. Kwa hiyo mhakiki aliyemwambia kwamba buluu yake imezidi alikuwa akigusa uamuzi wa mkono. Malalamiko ya aina hiyo yalikuwa mengi alipotoa mwaka 1963 kitabu chake cha bonde la Glen Canyon, mto Colorado, bonde lililoanza kufunikwa na maji ya bwawa mwaka huohuo. Mawe yaliyolowa yalikuwa ya buluu, kuta za kivulini zilikuwa na wekundu wa kaa la moto. Porter alishikilia kwamba rangi zilikuwapo, na fizikia iko upande wake: jiwe lililo kivulini chini ya anga wazi huangaziwa na anga, si na jua, na ukuta mwekundu unaopigwa na jua hutupa wekundu wake kwenye ukuta unaoukabili. Jicho hulirekebisha jambo hilo bila mwenyewe kujua, filamu hairekebishi. Hapa uhakiki wa rangi ulipata swali lake la kwanza zito: rangi hii imetoka wapi? Swali hilo lina jibu linaloweza kuchunguzwa, na ni bora mara nyingi kuliko kusema rangi imezidi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1962, shirika la Sierra Club chini ya David Brower lilikuwa limechapisha kitabu cha Porter In Wildness Is the Preservation of the World, kikubwa na cha gharama, kilichouzwa kuliko ilivyotarajiwa. Porter alifika pia Afrika Mashariki. Picha zake za huko zilitoka mwaka 1972 pamoja na maandishi ya Peter Matthiessen. Edward Weston naye, bingwa wa kijivu, alipewa filamu za rangi na Kodak mwishoni mwa miaka ya 1940, akazipiga Point Lobos, na mwaka 1953 akaeleza kwamba chuki dhidi ya rangi inatokana na watu kutoifikiria rangi kama umbo. Yapo mambo, alisema, yanayosemeka kwa rangi tu.

Huku mabingwa wakibishana, maelfu ya watu wa kawaida walikuwa wakihukumiwa kila mwezi katika kumbi za vilabu. Photographic Society of America iliundwa mwaka 1934, na mwaka 1950 Mbelgiji Dkt. Maurice Van de Wyer akaanzisha FIAP, shirikisho la kimataifa la vyama vya picha. Kodachrome iliwafaa wanachama hawa: slaidi ya milimita 35 ilikuwa rahisi, haikuhitaji chumba cha giza, na ukumbi mzima uliweza kuitazama kwa pamoja. Taa zilizimwa, slaidi ikaangaza ukutani, jaji akasema sentensi mbili tatu na kutoa alama, mashine ikalia, ikaja nyingine. Jioni moja ingeweza kuwa na slaidi mia. Utaratibu huo uliwafundisha watu wengi kupima mwanga vizuri na kuondoa takataka pembezoni mwa fremu, na kwa hilo unastahili shukrani. Lakini picha inayopewa nusu dakika hushinda kwa kupiga kelele. Machweo mekundu yalishinda, ua la manjano kwenye giza likashinda, na mandhari ikapewa mtu wa koti jekundu wa kuvuta jicho, mpaka mtindo huo ukawa na jina lake miongoni mwa wapiga picha wa majarida. Picha tulivu ya ukungu juu ya majani makavu, yenye rangi nne zinazokaribiana, haikuwa na muda wa kuanza kuongea.

Dawa ya haraka hiyo ilitoka kwa Minor White. Alikutana na Stieglitz New York mwaka 1946, miezi michache kabla ya mzee huyo kufariki, na mwaka huohuo akaenda San Francisco kufundisha katika idara ya picha iliyoanzishwa na Adams. Mwaka 1952 yeye, Adams, Dorothea Lange, Barbara Morgan, Beaumont na Nancy Newhall na wengine walianzisha jarida la Aperture, naye akawa mhariri wake kwa zaidi ya miaka ishirini. White alifundisha kwamba picha isomwe. Katika madarasa yake, picha moja iliwekwa mbele, ya barafu kwenye kioo cha dirisha au ukuta wa mwamba uliopasuka. Wanafunzi walikaa wima, wakatuliza pumzi, wakafumba macho, wakayafumbua kwenye picha na kubaki nayo kimya kwa dakika nyingi. Hakuna aliyeruhusiwa kuanza na kupenda au kutopenda. Kwanza waliulizwa jicho limeingia wapi na limetokea wapi, mwili umekaza sehemu gani, kitu gani kimerudi akilini hata macho yalipofumbwa. Baadaye sana ndipo ikaja hukumu, na mpiga picha mwenyewe alikuwa wa mwisho kusema. Mwaka 1963 White aliipeleka nadharia yake ya ulinganifu, aliyoirithi kwa Stieglitz, katika jarida la Photographic Society of America, yaani palepale penye watu wa alama na mashine za slaidi.

Baadhi walimwona White kuwa mtu wa mizungu, na ni kweli aliazima mengi kwa Zen na kwa mafundisho ya kiroho ya Gurdjieff. Hata hivyo alitatua tatizo ambalo kanuni za Robinson hazikuligusa. Picha ya kidhahania haina kitu cha kulinganishwa nacho. Jaji hawezi kusema mti umepinda ikiwa hakuna mti. Kinachobaki ni kile picha inachomfanyia mtazamaji, na White aliwapa watu njia ya kukieleza kwa utaratibu.

Rangi ya kidhahania ilikuwa ikipanuka wakati huo. Ernst Haas, Mwaustria aliyehamia Marekani, alichapishwa katika jarida la Life mwaka 1953 kwa picha za New York zilizojaa viakisi, mabango yaliyochanika na mwendo ulioyeyusha maumbo. Mwaka 1962 Museum of Modern Art likamfanyia maonyesho ya peke yake ya rangi, na kitabu chake The Creation cha mwaka 1971 kikaziunganisha rangi hizo na mawe, maji na wanyama. Mwaka 1960 Syl Labrot, Nathan Lyons na Walter Chappell walitoa Under the Sun, kitabu kilichotetea picha dhahania inayotoka katika vitu halisi. Mpiga picha Walker Evans kwa upande wake aliishutumu rangi kwa maneno makali mwaka 1969, kisha katika miaka yake ya mwisho akachukua kamera ya Polaroid SX-70 na kupiga picha nyingi za rangi.

Uhakiki ulioacha alama kubwa zaidi ulitoka kwa mtu aliyekuwa mpiga picha kabla ya kuwa msimamizi wa picha katika Museum of Modern Art, John Szarkowski. Mwaka 1976, katika utangulizi wa kitabu cha mpiga picha wa rangi William Eggleston, aliyagawa makosa ya picha za rangi mafungu mawili. La kwanza ni la picha zisizo na umbo, ambazo mpigaji amezitazama kana kwamba ni za kijivu na kuiacha rangi ijiingilie. La pili ni la picha nzuri tu, ambapo rangi zimepangwa zipendezane: kuta chakavu, mashua zinazoakisiwa katika maji yenye mawimbi madogo. Picha za namna hiyo, alieleza, humkumbusha mtazamaji michoro ya kisasa aliyokwisha kuiona. Pigo hilo la pili lilizifikia slaidi nyingi za vilabu, na lilikuwa la haki kwa sehemu kubwa. Lakini Szarkowski alikuwa akiitafutia rangi kazi ya kueleza dunia ya watu, barabara na vyumba. Kwa mtu wa majani na maji, kuona ukuta kwa ajili ya rangi yake si lazima kuwe kuiba kwa mchoraji. Porter alikuwa ameonyesha hivyo kwa miaka thelathini.

Baada ya hapo mzozo wa kale wa mawingu ya Le Gray ulirudi kwa nguvu mpya. Filamu ya Velvia ya Fuji, iliyotoka mwaka 1990, ilikoleza kijani na nyekundu kuliko filamu zilizotangulia, na programu ya Photoshop ilitoka mwaka huohuo. Mwaka 1994 mpiga picha Art Wolfe alitoa kitabu Migrations, ambamo takriban theluthi ya picha za makundi ya wanyama zilikuwa zimerekebishwa kwa kompyuta, wengine wakiongezwa ili kuziba nafasi. Utangulizi ulidokeza hivyo, na yeye alikitetea kuwa kitabu cha sanaa. Wenzake wengi walikasirika: walihofia kwamba msomaji hataamini tena kundi lolote. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, lililoanza Uingereza mwaka 1965, lilimvua taji mshindi wake wa 2009 baada ya wapiga picha wenzake wa Hispania kumtambua mbwamwitu aliyeruka lango kuwa mnyama anayefugwa. Na mwaka 2018 likaiondoa picha ya mlamchwa iliyoshinda mwaka uliotangulia, baada ya wataalamu kumlinganisha na mnyama aliyekaushwa kwa maonyesho. Wapigaji wote wawili walikana. Waamuzi hawakukosea kuzisifu picha kwa uzuri wake. Aliyegundua kasoro alikuwa mtu anayemjua mbwamwitu.

Kutokana na mabishano hayo Photographic Society of America, FIAP na Royal Photographic Society walikubaliana juu ya maana moja ya picha ya maumbile, ikaanza kutumika mwaka 2015. Alama za binadamu hazikutakiwa, isipokuwa pale zilipokuwa sehemu ya maisha ya kiumbe, kama bundi anayeishi ghalani au korongo juu ya paa. Pete za utafiti miguuni mwa ndege ziliruhusiwa. Mimea iliyopandwa, mifugo na wanyama waliokaushwa havikukubaliwa. Kukata kingo za picha kuliruhusiwa, lakini kuongeza, kuhamisha, kubadilisha au kufuta kitu hakukuruhusiwa. Mashindano makubwa humtaka mshindi atoe faili ghafi la kamera ili lilinganishwe na picha aliyoileta.

Picha za kidhahania zilichukua njia nyingine, kwa kuwa hakuna faili linaloweza kuthibitisha hisia. Katika Royal Photographic Society mwombaji wa daraja la Associate huleta picha 15 zilizopangwa kama kazi moja, pamoja na maelezo mafupi ya kusudi lake. Maelezo husomwa kwanza kwa sauti. Kisha waamuzi huzitazama picha kwa mpangilio wake wote, husogea karibu na moja moja, hurudi nyuma, na kuulizana kama rangi na maumbo yaliyo mbele yao yametimiza kilichoandikwa. Asiyefaulu hupewa sababu, na anaweza kurudi.